Kibao Kisichojua Kukataa

Kwanza tuelewane. Jina alilopewa na wazazi wake lipo, na ni zuri, lakini ukifika mtaani ukaliulizia utazungushwa mpaka soli ziishe. Ulizia Redio. Hata mtoto anayejifunza kutembea atakunyooshea kidole: ni yule mama msusi, mwenye chumba cha mbele kilichopakwa kijani, viti viwili, kioo kimoja, na mdomo usiojua likizo.

Redio alikuwa akisuka huku anasimulia. Ukikaa kwenye kiti chake kichwa kikiwa timutimu, uliinuka umependeza, tena unajua nani kahama, nani kajifungua na nani kamnunia nani. Vidole vyake havikuhitaji macho. Viligawa nywele, vikachota rasta, vikapindisha, vikakaza, hadi ncha zikachovywa kwenye maji ya moto, na muda wote huo mdomo haukubaki nyuma. Akiishiwa habari alianza kukujibia. "Umechoka wewe, mwanangu, nakuona. Na huyo mume wako hakusaidii. Basi, usiseme." Na mteja kweli hakusema, maana nafasi ya kusema angeipata wapi?

Mumewe alikuwa kinyume chake kabisa. Fundi Saa, ndivyo walivyomwita wote. Alikuwa na kibanda kando ya soko, kinachomtosha mtu mmoja na meza yake, dirisha la kioo kwa mbele. Alifanya kazi kwa kioo cha jicho, kile kidude cheusi ambacho mafundi saa hukibana kwenye tundu la jicho ili skrubu ndogo kama chembe ya mchanga ionekane. Kazini hakuongea, wala si kwa maringo. Ukihema vibaya tu juu ya saa iliyofunguliwa, umepuliza riziki yako chini ya meza. Akazoea kunyamaza, na mazoea yana tabu, akanyamaza hadi nyumbani. Siku ya harusi yao watu walicheka wakashika mbavu: Redio kaolewa na Saa! Walicheka weee, lakini ndoa ikadumu, watoto wakakua wakaondoka, kila mmoja na kwake.

Ila msije mkadhani bwana yule alikuwa bwege. Redio akiamua jambo ambalo mumewe hakulipenda, mumewe hakugomba. Alichukua kioo chake, akakibana kwenye jicho la kulia, akainamia saa yoyote iliyokuwa karibu. Shauri limekwisha. Redio angezunguka chumba, angepaza sauti, angemwita Mungu ashuhudie, kioo hakitoki. Kesho yake asubuhi ungekuta limefanyika alilotaka mume, na Redio yuko barazani anawaambia wateja, "Mume wangu hajawahi kunikatalia kitu. Neno sitaki halimo kinywani mwake." Na kinywani kweli halikuwamo.

Kisha kikaja kiharusi. Kilimkuta kibandani, asubuhi, ameinama mezani kama siku zote. Watu walipita wakamwamkia. Hakuitikia, wakaona ndiyo kawaida yake. Mpaka muuza matunda wa jirani alipokwenda kuazima bisibisi ndipo akamkuta mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia unaning'inia. Roho ilipona. Mguu ulirudi kwa kukokota. Mkono wa kulia ulibaki mzito, shavu la kulia likalegea, na maneno yakagoma kabisa. Akili ilikuwa palepale, daktari alisema, na ukimtazama machoni ungejua mwenyewe. Aliyasikia yote, aliyaelewa yote, ila njia ya kutoka kichwani kwenda kwenye ulimi ilikuwa imekatika.

Tangu siku hiyo Redio hakai. Nasema hakai, si kwa kutia chumvi. Amekaa kula, ameinuka kufuata kijiko, amerudi na ufagio. Sakafu iliyofagiwa asubuhi inafagiwa tena kabla ya adhuhuri. Anasuka amesimama, mguu huu mguu huu, na mteja akimwambia "vuta kiti, mama," anajibu kwamba nywele zinasukwa vizuri msusi akiwa wima. Saa za ukutani, ambazo mumewe alikuwa akizitia ufunguo kila Jumapili, zilianza kusimama moja baada ya nyingine. Kila iliyokata sauti, yeye aliongeza mwendo. Wateja walisema ni uchovu wa kuuguza. Sababu yenyewe aliijua peke yake, na hakumwambia mtu, yeye asiyebakiza kitu tumboni.

Hospitali walikuwa na binti mmoja ambaye kazi yake ilikuwa watu waliopoteza usemi. Redio alimbatiza Dada wa Maneno. Binti huyo ndiye aliyewaazima kibao. Dukani wanaita tableti, lakini kwa Redio kilikuwa kibao na kikabaki kibao. Ukikiwasha kinajaa picha: glasi ya maji, kitanda, sahani, taa. Mgonjwa anagusa picha kwa kidole, nacho kinasema kwa niaba yake. Sauti mnaitia wenyewe. Unashikilia picha, unasema neno, unaachia, neno limeingia.

"Picha nyingine mtaongeza nyumbani," Dada wa Maneno aliwaambia. "Piga picha ya chochote, kisha tia neno lake. Ila mama, tafadhali, usimwekee maombi matupu. Mtu haongei ili aombe maji tu. Mwekee maneno ya kukataa, ya kugomba, hata ya utani. Na umuulize mwenyewe anataka yapi."

"Mwanangu, huyu namjua nje ndani," Redio akamkata. "Agombe na nani? Huyu hajanikatalia kitu tangu aliponiposa."

"Hata hivyo, mama. Na akianza kutafuta neno, msubiri. Usimmalizie. Anahitaji muda."

"Muda!" Redio akaangua kicheko. "Mke wa Fundi Saa anafundishwa habari za muda!"

Fundi Saa alikuwa kitini kando yao. Alimgeukia Dada wa Maneno akamtazama sana, na mkono wake wa kushoto ukaanza kupiga piga goti. Redio akamfunika miguu kwa kanga, akidhani anasikia baridi.

Walipofika nyumbani Redio alikijaza kibao kwa kishindo kimoja, tena kwa sauti yake mwenyewe. "Mke wangu, naomba maji." "Chakula kitamu, nimeshiba." "Nataka kulala." "Niinue." "Sawa, mke wangu." Akaweka na "Zima redio," kwa ajili ya kile kiredio cha rafuni ambacho mumewe hakukipenda wakati wa kulala mchana. Basi Fundi Saa, mwanamume mzima mwenye ndevu, akaanza kuongea kwa sauti ya mkewe. Wateja hawakuwa na mbavu.

"Mama, siku hizi hata ukitoka unabaki," mteja mmoja alimtania.

"Nibaki nisibaki, mume wangu anaongea," akajibu, na moyoni alijivuna kweli.

Kulikuwa na jambo moja tu lililomtatiza. Mara nyingine yeye yuko katikati ya hadithi, rasta mkononi, na kutoka kwenye kiti cha pembeni sauti yake mwenyewe inasema, "Zima redio." Anaacha kichwa cha mtu nusu, anakwenda rafuni, anakuta kiredio kimezimwa tangu juzi. "Kimezimwa, baba, huoni?" Anarudi, anaanza tena hadithi. "Zima redio." Mteja anajifunika uso kwa taulo, mabega yanatikisika.

"Mnacheka nini? Mgonjwa huyo!" Redio alifoka. Na aliogopa, maana aliona sasa hata akili inaanza kumtoka mumewe.

Mchana ulikuwa mrefu katika nyumba ile. Kila asubuhi Fundi Saa alivaa shati la kazi kwa mkono mmoja, vifungo vikaenda upogo, akajikokota hadi mlangoni akasimama ameelekea upande wa soko. Redio alimshika bega akamrudisha. "Kaa, baba. Unakwenda wapi wewe?" Alikaa, lakini kidole kilianza kugonga mkono wa kiti, ko, ko, ko, mpaka jioni. Mmoja anazunguka hawezi kutulia, mwingine ametulizwa na hataki. Vyombo vya kazi vilikuwa kwenye sanduku la mbao uvunguni mwa kitanda, kioo cha jicho humohumo. Redio ndiye aliyevitoa kibandani akavificha. Kila ufagio ulipogonga sanduku, moyo wake uliruka.

Akaona dawa ni moja. Msimamizi wa soko alishaanza kuuliza kama kibanda kitafunguliwa au apewe mtu mwingine. Ng'ambo ya soko kulikuwa na fundi saa mwingine, Fundi Miwani, mtu wa heshima zake, aliyevisifia vyombo vile siku nyingi. Avichukue, kibanda kiachwe, mambo yaishe, na Redio mwenyewe apate kulala.

Na alimuuliza mumewe, tumpe haki yake. Alimuuliza amesimama, kitana mdomoni, kichwa cha mteja mkononi. "Baba, vile vyombo tumpe Fundi Miwani? Vinaota kutu bure uvunguni."

Kidole cha Fundi Saa kiliinuka. Kikaelea juu ya picha, kikaenda, kikarudi, kikasimama. Redio hakuwa na subira ya kukitazama. "Eh, baba? Sema basi." Mwishowe kidole kikashuka. "Nataka kulala."

"Unaona?" Redio akamwambia mteja. "Maana yake nifanye ninavyoona mimi."

Fundi Miwani alikuja alasiri, shati lake limepigwa pasi, kofia mkononi. Redio alikuwa ametandika kitambaa cheupe mezani na kuvipanga vyombo juu yake: bisibisi nyembamba, vikoleo, brashi, kichupa cha mafuta, na kile kioo cha jicho pembeni. Alikuwa akiongea tangu mgeni hajavuka kizingiti. Karibu shemeji, kaa shemeji, hivi ndivyo vyenyewe shemeji, havijaguswa na mtu.

Fundi Miwani hakukaa. Alichuchumaa mbele ya kiti cha mgonjwa. "Fundi mwenzangu, umeridhia kweli? Chombo cha fundi hakichukuliwi moyo wake ukiwa haujakiachia."

"Ameridhia," Redio akajibu. "Nilimuuliza."

"Niwie radhi, shemeji. Namuuliza yeye."

Fundi Saa akavuta kibao magotini. "Mke wangu, naomba maji," kikasema. Redio mbio kufuata maji. Nyuma yake akasikia sauti yake inaendelea: "Chakula kitamu, nimeshiba." Kimya. "Niinue." Kimya. "Zima redio." Kidole kilipita mstari kwa mstari, kikavuka "Sawa, mke wangu" bila kuigusa, kikafika mwisho, kikarudi mwanzo. Fundi Miwani akatazama chini kwa huruma. "Pole, mwenzangu," akasema.

Hapo Fundi Saa akakisukuma kibao kando kwa kiwiko, nusura kianguke. Akaunyoosha mkono wa kushoto juu ya kitambaa cheupe, ukaviruka vikoleo, ukaziruka bisibisi, ukachukua kioo cha jicho. Akakiinua hadi kwenye jicho la kulia akakibana. Shavu halikushika. Kioo kikaanguka mezani kikabingirika. Akakiokota, akakibana tena. Kikaanguka sakafuni.

Fundi Miwani alivua miwani akafuta macho. "Anaiaga kazi," akanong'ona. "Masikini, anaiaga kazi yake."

Redio alikuwa amesimama mlangoni na glasi ya maji mkononi. Kumbe! Miaka yote ya ndoa amekiona kitendo kile, amekipigia kelele, amekishindwa. Huyu mtu haagi. Huyu mtu anakataa. Amekuwa akikataa tangu atoke hospitali, na mke wake ndiye aliyekichukua kile kioo alichokuwa akikitumia kukataa, akakifungia kwenye sanduku uvunguni, kisha akampa kibao kilichojaa naomba na nimeshiba. Aibu ilimpanda toka nyayoni.

Na angeweza kunyamaza, msinibishie. Lugha ya kioo waliijua wawili tu duniani. Fundi Miwani alikuwa tayari ameshaamini anachoamini. Angenyamaza kidogo tu, jambo ambalo kila mtu mtaani amemwombea maisha yake yote, na vyombo vingeondoka, kibanda kingefungwa, na ule woga wake ungefungwa nacho. Alitamani. Alitamani sana.

Fundi Saa alikiokota kioo mara ya tatu. Safari hii hakukibana. Alikishikilia kwenye jicho kwa vidole vya mkono wa kushoto, na kupitia kioo kile akamtazama mkewe.

Redio akaweka glasi chini. Akachukua kibao, akakigeuzia kile kioo cha jicho pale kilipo mkononi mwa mumewe, akapiga picha. Picha ikakaa katikati ya nyingine. Akaishikilia ili atie neno. Mdomo uliosuka habari za mtaa mzima ukakauka. Alipoachia, kibao kilirudisha pumzi tupu.

"Shemeji, una nini?" Fundi Miwani akauliza.

"Hebu nyamaza kidogo, shemeji." Ndiyo, Redio huyo huyo, anamwambia mtu anyamaze. Akashikilia picha mara ya pili. "Sitaki," akasema. Akakiweka kibao mapajani mwa mumewe, akarudi nyuma hatua moja.

Kidole hakikuelea. "Sitaki," kibao kikasema. "Sitaki." Akakibonyeza tena na tena, kama mtoto aliyepewa filimbi, upande mzima wa uso unacheka, upande mwingine umelowa machozi. "Sitaki. Sitaki. Sitaki."

Fundi Miwani akasimama. Akaanza kuvirudisha vyombo sandukuni, kimoja kimoja, kila kimoja mahali pake. "Nimesikia, fundi," akasema. "Nimeambiwa na mwenyewe. Mkono wa kushoto nao ni mkono. Ukifungua kibanda, nitapita asubuhi nikushikie saa mpaka uzoee." Akavaa kofia yake, akamuaga Redio kwa adabu, akaondoka mikono mitupu.

Mlango ulipofungwa Redio akalipuka. Kutoka mlangoni hadi ukutani, kutoka ukutani hadi mlangoni. "Haya, umeshinda! Umefurahi? Rudi huko huko kwenye kibanda chako! Unajua kwa nini nilivificha? Unajua?" Akageuka. "Siku ile nilipita, baba. Nilikuletea chupa ya chai. Nikasimama pale dirishani nikakusimulia habari ya yule mteja aliyekimbia na kichwa nusu. Nikakusimulia yote mpaka mwisho, nikacheka mwenyewe. Hukujibu. Nikaweka chupa nikaenda zangu. Umeinama vile vile, umeshashikwa, na mimi nakupigia hadithi! Sikungoja hata unitazame."

Fundi Saa alikuwa ameacha kugonga kiti.

"Sijamwambia mtu," Redio akasema, sauti inakatika. "Sasa nikurudishe pale, uanguke tena, na mimi nipite tena nikiropoka? Unataka kunifanya mjane? Eh? Unataka nibaki peke yangu humu ndani na saa zako zilizokufa? Nijibu!"

Na kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akangoja. Jibu lilikuwa tayari limemjaa mdomoni, la kwake na la mumewe, akalimeza. Kidole kikainuka polepole. Kikapita juu ya maji, kikapita juu ya kitanda, kikapita juu ya "Sawa, mke wangu." Kikafika kwenye picha ya kioo cha jicho.

"Sitaki," sauti yake mwenyewe ikamwambia.

Redio akakaa. Alikaa kwenye kiti cha wateja, goti lake likigusana na la mumewe, mikono imelala mapajani haina la kufanya. Wakakaa hivyo mpaka jua likahama dirishani. Baadaye akajifuta uso kwa upindo wa kanga.

"Nikuletee chai?" akauliza.

"Sitaki."

"Ala! Ndiyo mambo gani hayo sasa?" Akacheka, pua bado imeziba kwa kulia. Akainuka, akajimiminia kikombe chake kimoja, akarudi kukaa pale pale, akanywa peke yake.